Mwongozo kamili: jinsi ya kuufufua mpango wa wanafunzi wenye vipawa katika kaunti ndogo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maafisa wa elimu wa kaunti ndogo, walimu wakuu, walimu wa madarasa na wazazi wa Lamu ambao wamekwisha kuanzisha mpango wa wanafunzi wenye vipawa na talanta mara moja au mbili, wakauona ukinyauka kabla ya mwaka kwisha. Kosa hujirudia kwa namna ile ile. Majina huorodheshwa kwa kufuata alama za mtihani wa muhula, orodha hubandikwa ofisini, watoto huongezewa maswali ya mazoezi, na baada ya mihula miwili hakuna anayekumbuka nani alikuwamo. Wanaoachwa nje nao ni wale wale: watoto wa visiwa vya mbali, watoto ambao Kiswahili cha vitabuni si lugha ya nyumbani kwao, wasichana wapole, na watoto wenye ulemavu.

Tatizo hili halihitaji fedha nyingi bali mpangilio mwingine wa kazi. Amua kwanza utakachowafundisha, kisha uwatafute watoto wote bila kungoja wapendekezwe, kisha uipeleke huduma ndani ya darasa la kila siku. Tafadhali zifuate hatua kwa mpangilio wake, kwa kuwa wengi waliokwama katika hatua ya 5 ni wale walioiruka ya 2.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Tafuta mratibu mmoja wa kaunti ndogo na mwalimu mmoja wa mpango katika kila shule. Mwalimu huyo asiwe mwalimu mkuu, ambaye tayari ana mzigo wake.

Andaa rejista kamili za wanafunzi wa Gredi ya 3 na ya 6 katika kila shule, za serikali na za binafsi. Orodha ya "wanaofaa" haitakusaidia katika hatua hii.

Pata miundo ya mtaala ya gredi mbili zilizo juu ya zile unazoanza nazo, ili mwalimu ajue mtoto anaelekea wapi.

Chapisha fomu za ridhaa ya mzazi kwa Kiswahili chepesi, na utenge kabati lenye kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuhifadhi taarifa binafsi za mtoto, na matokeo ya upimaji ni taarifa za namna hiyo.

Tenga fedha za karatasi, za nauli na za mafuta ya boti. Mpango ambao bajeti yake haina boti ni mpango wa mji wa Amu na Mokowe peke yake, hata ukiitwa wa kaunti nzima.

Mwisho, weka mezani nakala ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kifungu cha 44 kinawataja wanafunzi wenye vipawa na talanta miongoni mwa wanaostahili elimu ya mahitaji maalumu. Utaihitaji siku utakapoulizwa kwa nini unawashughulikia watoto "ambao tayari wanajiweza".

## Hatua ya 1: Ikague orodha uliyo nayo (wiki 2)

Ichukue orodha ya mwaka uliopita, hata kama ni fupi, kisha uhesabu: wangapi ni wasichana, wangapi wanatoka kila wadi, wangapi wanazungumza nyumbani Kibajuni, Kiaweer, Kiorma, Kipokomo au Kigiriama, na wangapi wana ulemavu. Hesabu hiyo uilinganishe na idadi ya wanafunzi wote. Ikiwa shule za Kizingitini, Faza na Siyu zina sehemu kubwa ya wanafunzi wa gredi hiyo lakini zimetoa jina moja tu, usiseme kwamba vipawa havipo kisiwani Pate. Sema kwamba njia yako ya kutafuta haikufika huko.

Onyo: usiutumie ukaguzi huu kuwalaumu walimu. Mwalimu aliyeaibishwa hatakusaidia katika hatua ya 3, na bila yeye huwezi kuendelea.

Hatua hii imefaulu ukiwa na ukurasa mmoja unaoonyesha pengo kwa tarakimu, na walimu wakuu wote wameusoma wakiwa wameketi pamoja.

## Hatua ya 2: Amua huduma kabla ya majina

Kaeni mchague maeneo mawili tu ya kuanzia. Ushauri wangu ni Hisabati na Kiswahili, kwa sababu kila shule ina mwalimu wa masomo hayo na hayahitaji maabara. Sanaa, ufundi, sayansi na michezo vifuate mwaka wa pili.

Kwa kila eneo, andikeni kwa sentensi kamili mtoto atakachofanya Jumatatu asubuhi wiki moja baada ya kuteuliwa. Kama sentensi hiyo haiandikiki, msiendelee. Mtoto aliyeambiwa kwamba ana kipawa, kisha asipewe chochote, hujifunza kwamba maneno ya shule hayana uzito, na wenzake wasioteuliwa hujifunza kwamba wao hawana kitu. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kutokuwa na mpango kabisa.

## Hatua ya 3: Wachunguze watoto wote (wiki 4 hadi 6)

Hapa ndipo mpango hufa au huishi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, neno "wote" lina maana yake halisi. Katika wilaya ya shule ya Broward, jimbo la Florida nchini Marekani, walianza mwaka 2005 kuwapima wanafunzi wote wa darasa la pili badala ya kungoja mapendekezo ya walimu na wazazi. Wachumi David Card na Laura Giuliano walipoyachunguza matokeo, walikuta kwamba watoto wa familia maskini, watoto weusi na wale wa asili ya Kilatino walioingia katika mpango walikuwa wameongezeka sana, ilhali vigezo vya kuingia havikuwa vimelegezwa. Watoto hao walikuwapo siku zote, ila hakuna aliyewapendekeza. Upimaji wa wote ulipokuja kusitishwa kwa uhaba wa fedha, faida ile ikarudi nyuma. Florida si Lamu, lakini utaratibu wa kusahaulika ni mmoja.

Nami nimelishuhudia jambo hilo kwa macho yangu. Katika shule moja niliyofundisha tulimwacha nje mvulana ambaye alama zake za kuandika zilikuwa za chini, kumbe pwani ndiye aliyekuwa akiwagawia mabaharia samaki kwa mafungu, akitoa fungu la chombo, la nahodha na la kila mvuvi, bila karatasi na bila kukosea. Nilikuja kujua alipokuwa tayari ameacha shule. Ndiyo sababu sasa nasisitiza milango minne badala ya mmoja.

Mlango wa kwanza ni mafumbo ya michoro, ambayo hayahitaji kusoma. Kipimo kinachojulikana zaidi cha aina hii ni Raven's Progressive Matrices, kilichotolewa mara ya kwanza 1938, na toleo lake la rangi limekusudiwa watoto wadogo. Uliza katika kituo cha EARC kilicho karibu, yaani kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, kama kuna mtu aliyefunzwa kukitumia. Asipokuwapo, walimu wa zoni wanaweza kutunga mafumbo yao ya mfuatano wa maumbo, mradi wakumbuke kwamba hicho ni chujio tu na hakipimi akili. Msikipige nakala kipimo rasmi wala msiwafunze watoto majibu, kwa kuwa kikishavuja hakina kazi tena.

Mlango wa pili ni maswali ya mdomo, yanayoulizwa kwa lugha ambayo mtoto anaota ndoto kwayo. Mtoto wa Amu anayesema "ndia" badala ya "njia" na "moya" badala ya "moja" hajakosea hesabu. Katika vijiji vya Waaweer vya wadi ya Basuba, mpate mtu mzima wa hapo hapo wa kuuliza maswali. Muulizeni mtoto jambo lenye majibu mengi: ungeyahifadhi vipi maji ya mvua ya msimu mmoja yatoshe mpaka msimu mwingine? Angalieni idadi ya fikra zake na jinsi anavyozitetea.

Mlango wa tatu ni uchunguzi wa mwalimu, uliojazwa kwa wiki mbili katika fomu yenye tabia mahususi. Swali la "nani ana akili darasani?" huleta majina ya watoto nadhifu, watiifu na wenye hati nzuri. Uliza badala yake: nani hupata jibu kwa njia ambayo hukuifundisha? Nani huuliza swali linalokuvuruga somo? Nani humaliza upesi kisha akaanza kuwasumbua wenzake? Nani hunyamaza darasani lakini hutunga hadithi uwanjani? Majina yatakayokuja yatawashangaza, na mara nyingi yatakuwa ya watoto waliopewa adhabu juma lile lile.

Mlango wa nne ni ushahidi wa nje ya darasa. Muulizeni maalimu wa chuo cha Kurani nani huhifadhi upesi na nani huuliza maana. Muulizeni fundi wa jahazi wa Matondoni, mchonga milango wa Amu, kocha wa mpira na bibi anayesuka mikeka. Kusanyeni kazi za mtoto katika potifolio.

Mtoto anayeng'aa katika mlango mmoja wowote aingie hatua inayofuata. Usijumlishe alama za milango yote minne kisha ukate wastani, kwa sababu wastani huwapendelea wale walio wazuri kiasi kila mahali na kumwangusha yule aliye wa ajabu mahali pamoja. Mtoto kiziwi, au mwenye shida ya kusoma, ataonekana kwa mlango mmoja tu.

Mlinganishe mtoto na wenzake wa shule yake. Kama Gredi ya 3 ina watoto 30, waangalie kwa makini walio katika asilimia 10 ya juu, yaani 3, hata ikiwa alama zao ni za chini kuliko za shule ya mjini yenye maktaba. Huduma itatolewa katika shule hiyo hiyo, kwa hiyo swali la maana ni kama darasa analokaa linamtosha. Anayekaribia mpaka apewe nafasi. Hakuna kipimo kisicho na kosa, na pointi mbili haziwezi kuamua miaka ya mtoto.

Chagueni siku kwa uangalifu. Msipime ndani ya Ramadhani wala juma la Maulidi, na msipime mchana wa Ijumaa. Watoto wanaofuatana na wazazi wao dagoni, yaani kambini kwa wavuvi, wakati wa kaskazi wawekewe duru ya pili wakirudi, na asiwepo hata mmoja aliyeandikwa "hakuwapo" mpaka mwisho.

Dalili ya kufaulu ni hii: kila jina katika rejista lina alama ya kwamba limechunguzwa, na orodha mpya inakaribiana kwa sura na hesabu ya wanafunzi wote uliyoitumia katika hatua ya 1.

## Hatua ya 4: Ongea na wazazi ana kwa ana

Usitume barua peke yake. Nenda, au umtume mwalimu anayeheshimika kijijini, abishe hodi, aamkie wazee, aulize hali, kisha aeleze. Mama akisema "mwanangu msimtoe chuoni", mpe jibu la wazi: kazi hii inafanyika saa za shule, na muda wa chuo alasiri hautaguswa. Baba akihofia kwamba binti yake atapelekwa mbali, mwambie ukweli kwamba huduma ya kwanza ni hapo hapo darasani, na kwamba safari yoyote itaombewa ruhusa yake peke yake.

Epuka maneno kama "bingwa" au "mtoto wa ajabu". Sema: "Tumeona mwanao anajua mambo ambayo bado hatujayafundisha, na tunataka apate kazi inayomfaa." Mzazi akikataa, liheshimu jibu lake na umwachie mlango wazi muhula ujao.

## Hatua ya 5: Punguza anachokijua, ongeza kina

Hiki ndicho kiini cha huduma. Kosa la kawaida ni kumpa aliyemaliza maswali 10 mengine 10 ya aina ile ile. Kwa mtoto, hiyo ni adhabu ya kuwa mwepesi, naye ataacha kumaliza upesi.

Kabla ya kuanza mada mpya, wape wanafunzi wote zoezi fupi la maswali 8 hadi 10 kuhusu mada hiyo hiyo. Anayepata asilimia 80 au zaidi asirudie mazoezi ya kawaida. Ahudhurie vipindi vya yale asiyoyajua tu, na muda uliobaki aufanyie kazi ya kina iliyoandikwa katika mkataba mfupi kati yake na mwalimu: atafanya nini, kwa siku ngapi, na ataonyesha nini mwishoni.

Huu ni mfano wa Hisabati ninaoupenda, kwa kuwa vifaa vyake viko mbele ya kila mtoto wa visiwani. Maji ya bahari huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Ikiwa leo maji yamejaa saa 4:00 asubuhi, baada ya siku 10 maji hayo yatajaa saa ngapi? Mtoto atapata dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20, na jibu lake litakuwa saa 12:20 jioni. Sasa mwongezee: maji hujaa mara mbili kwa siku, kukiwa na muda wa takriban saa 12 na dakika 25 kati ya jaa na jaa, basi baada ya siku ngapi yatajaa tena karibu na saa 4:00 asubuhi? Atafikia siku 15 hivi. Mwambie aweke daftari la mwezi mzima, aandike maji ya gatini pamoja na tarehe za mwezi mwandamo, kisha aeleze kwa nini bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mtoto wa Gredi ya 4 au ya 5 akilifikisha jambo hili mwisho, amekwisha kufanya uwiano, jedwali, ukadiriaji na sayansi kwa pamoja.

Kwa Kiswahili, mpe tungo moja ya mapokeo kutoka kwa mzee wa mtaa. Aiandike kama ilivyosemwa, atafute maneno ya Kiamu, lahaja ya Amu, yaliyomo, ahesabu mizani, kisha atunge beti zake kwa bahari hiyo hiyo ya ushairi.

Mwalimu mwenye watoto 50 atauliza muda utatoka wapi. Jibu ni kuwaweka pamoja. Shule yenye mikondo miwili iwaweke watoto watano hadi wanane katika mkondo mmoja, chini ya mwalimu aliyekubali kwa hiari. Shule yenye mkondo mmoja iwakalishe meza moja kwa vipindi viwili au vitatu vya juma. Kisha walimu wa zoni wakutane alasiri moja kila mwezi, kila mmoja akiwa na kazi tatu za watoto mkononi, wazisome na kutunga pamoja kazi za mwezi ujao. Mikutano ya namna hii huwajenga walimu kuliko semina ya siku mbili yenye chakula kizuri.

Onyo: mtoto mwepesi asigeuzwe kuwa msaidizi wa mwalimu kila siku. Kumsaidia mwenzake mara moja moja ni wema, lakini akifanya hivyo mwaka mzima atakuwa amenyimwa masomo yake.

Umefaulu ukiona mtoto anakosea. Aliyezoea kupata yote sasa anafuta, anauliza, anakasirika kidogo, kisha anarudia. Usiogope machozi ya juma la kwanza, bali kaa naye.

## Hatua ya 6: Wakutanishe, lakini ifuate bahari

Watoto hawa huhitaji kukutana na wenzao angalau mara moja kwa muhula. Usiwalete wote Amu. Weka kituo kimoja upande wa Pate, kimoja Amu kwa ajili ya Amu na Mokowe, na kingine Mpeketoni kwa ajili ya bara, Witu ikiwemo. Boti za Pate hufuata maji ya mlango-bahari wa Mkanda, hivyo saa ya kikao ipangwe kwa kupwa na kujaa. Muhula wa pili huangukia kusi, bahari ikiwa kali, kwa hiyo usivushe watoto wakati huo, na wakati wowote ule kila mtoto avae jaketi la kuokolea. Kwa shule za Basuba, ambazo zimewahi kufungwa kwa sababu za usalama, mwalimu wa mpango ndiye awafuate watoto hali inaporuhusu, akiwa na mkoba wa kazi za mwezi mzima.

Fundi, mshairi, muuguzi au nahodha aalikwe kufundisha kitu kimoja kwa saa mbili, na asiombwe kutoa hotuba ya kuwatia watoto moyo.

## Hatua ya 7: Kumpandisha mtoto gredi

Anza na somo moja. Mtoto wa Gredi ya 4 akiijua Hisabati ya mwaka wake, akae na Gredi ya 5 katika kipindi hicho, kisha arudi kwa wenzake. Hili huhitaji ratiba mbili kulingana, jambo ambalo mwalimu mkuu anaweza kulipanga Januari.

Kumrusha gredi nzima kunaweza kuwa na manufaa kwa wachache, lakini kuwe ni uamuzi wa mzazi, mwalimu, mtoto mwenyewe na mkurugenzi wa elimu kwa pamoja. Tathmini za shuleni hukusanywa mwaka hadi mwaka, na gredi iliyorukwa huacha pengo katika rekodi. Ulizeni KNEC, yaani Baraza la Mitihani la Kitaifa, kwa maandishi kabla ya kufanya hivyo.

## Hatua ya 8: Pima mpango, si mtoto peke yake

Kila mwisho wa muhula jibu maswali haya kwa tarakimu. Watoto wangapi walipunguziwa kazi waliyoijua? Wangapi walikamilisha mikataba yao? Nani ameacha, na kwa nini? Sura ya orodha inafanana na sura ya kaunti ndogo? Usitumie nafasi za shule katika KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, kama kipimo cha mpango huu, kwa kuwa watoto hawa wangepita hata bila wewe.

Wachunguze wasichana wa Gredi ya 7 hadi ya 9 kwa makini zaidi, kwani hapo ndipo wengi hunyamaza. Hapo pia ndipo pa kuzungumza nao mapema kuhusu mikondo mitatu ya masomo ya shule ya sekondari ya juu: Sayansi na teknolojia, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Mtoto aliyeonekana kwa uchongaji asilazimishwe kuchukua fizikia kwa sababu tu fizikia inaonekana ya heshima zaidi.

Iache orodha wazi. Rudia uchunguzi wa wote katika Gredi ya 6, na mpokee mtoto yeyote atakayeonekana katikati ya mwaka. Anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa mara mbili.

Mtoto anapohama, tuseme anatoka Kizingitini kwenda sekondari Amu, potifolio yake isibaki kabatini. Itiwe ndani ya bahasha, ikabidhiwe mzazi, na mwalimu wa mpango ampigie simu mwenzake wa shule mpya juma hilo hilo, amweleze mtoto huyo anaweza nini na alikuwa amefika wapi.